Pikipiki Zinazokwenda Ukutani

Mwezi wa tano mwaka juzi mpwa wangu alinitumia video kutoka Marekani. Yeye na mama yake, ambaye ni dada yangu, walichukuliwa na mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu, wakapelekwa jimbo la Missouri. Siku hiyo alikuwa amesimama juu ya daraja linalovuka barabara kuu, na chini yake zilikuwa zinapita pikipiki. Si kumi, si hamsini. Mbili mbili, taa zimewashwa mchana kweupe, bendera nyuma ya kila kiti. Darajani kulikuwa na wazee, akina mama na watoto, wote wakipunga mikono. Sauti ya mpwa wangu ilisikika kwa shida: "Mjomba, ona hizi moto. Zinapita tu, haziishi. Na huyu mama pembeni yangu analia."

Niliitazama ile video kwenye stendi ya boda hapa Nakivale, kwa sababu ndipo network inaposhika vizuri. Jirani yangu anayeendesha boda akaja kuchungulia. Kwanza alisifu mashine, maana anazijua. Akasema ile moja tu bei yake ingenunua boda za stendi nzima na chenji ikabaki. Halafu akanyamaza, akaomba nirudishe mwanzo, akatazama tena mpaka mwisho. Ndipo akauliza, kwa Kiswahili chetu cha kule nyumbani: "Sasa aba batu bote banaenda kulilia nani?"

Mimi nilikuwa mwalimu wa historia Uvira kabla ya kukimbia. Sikuwa na jibu, na mwalimu akikosa jibu mbele ya jirani anaona aibu. Nikamwambia nitatafuta. Nimetafuta kwa miezi mingi, kidogo kidogo, kwa bando za kuungaunga, na hiki ninachowaandikia wasomaji wa jarida letu ndicho nilichopata.

Msafara ule unaitwa Run For The Wall, yaani mbio za kuelekea Ukutani. Kila mwaka katikati ya mwezi wa tano pikipiki mamia hukusanyika katika mji wa Ontario, jimbo la California, upande wa magharibi kabisa, zikavuka nchi nzima kwa siku kama kumi hadi Washington. Ni zaidi ya kilomita 4,000. Ukitaka kupata picha, ni mbali kuliko kutoka hapa kwetu mpaka Cape Town kwa mstari ulionyooka. Wanaoendesha wengi ni askari wa zamani, na wengine ni wake, watoto na marafiki wa askari. Huko mwisho wanakokwenda kuna ukuta wa mawe meusi wenye majina ya watu waliokufa katika vita vya Vietnam.

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila vita hivyo hutaelewa kwa nini mtu mzima mwenye mvi aendeshe pikipiki siku kumi kwenda kushika jiwe.

Askari wa kwanza wa Marekani wa vikosi vya mapigano walitua Da Nang Machi 1965. Wa mwisho waliondoka Machi 1973, na Saigon ikaanguka tarehe 30 Aprili 1975. Katika muda huo Wamarekani wapatao milioni 2.7 walipelekwa kule. Wengine walijitolea, wengine waliandikishwa kwa lazima, kijana anapokea barua nyumbani kwao na habari imekwisha. Zaidi ya 58,000 walikufa. Na wale waliobaki hai walirudi kwa namna ya ajabu. Kila mmoja alikuwa na muda wake wa kutumikia, kwa kawaida miezi 12, ukiisha anapandishwa ndege peke yake bila kikosi chake. Juzi alikuwa msituni, leo yuko jikoni kwa mama yake, na hakuna hata mwenzake mmoja wa kumwambia, "Unakumbuka ile siku?" Hakukuwa na ngoma wala mapokezi. Nchi ilikuwa imegawanyika juu ya vita vile, na kushindwa kukaongeza uchungu. Kuna waliotukanwa, lakini walio wengi, nadhani, hawakuulizwa kitu chochote. Ile hali ya kuweweseka usiku, kuruka mlango ukigongwa na kukosa usingizi miaka mingi, madaktari wa Marekani waliipa jina rasmi na kuiingiza kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980 tu, miaka mitano baada ya vita kwisha. Sisi hapa kambini tunaijua bila jina.

Na kwa nini pikipiki? Hilo jirani yangu alilipenda kuliko yote. Katika Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Harley-Davidson ilitengenezea majeshi makumi ya maelfu ya pikipiki. Vita vilipokwisha nyingine ziliuzwa kwa bei ya chini, na vijana waliotoka jeshini walikuwa wengi, wana pesa kidogo, na maisha ya kukaa ofisini yanawashinda. Wakaanzisha vilabu vya pikipiki. Mwaka 1947 waliujaza mji mdogo wa Hollister, California, kwa fujo na pombe, magazeti yakaandika, na tangu hapo mwendesha pikipiki wa Marekani akapewa sura ya mhuni. Waliorudi Vietnam wakakuta njia hiyo imeshafunguliwa. Ukiwa juu ya pikipiki huongei, hakuna anayekuuliza, na bado hauko peke yako, maana mwenzako yuko mita chache mbele. Mimi siendeshi, naogopa. Lakini nimewahi kuona vijana wetu wa boda wakimsindikiza mwenzao kaburini, wote taa zimewashwa, honi moja ndefu, na nilielewa.

Sasa huo ukuta. Aliyeanzisha wazo alikuwa Jan Scruggs, aliyepigana Vietnam akiwa askari mdogo wa kawaida na kujeruhiwa. Mwaka 1979 yeye na wenzake walianzisha mfuko wa kuchanga pesa, si za serikali, za watu. Wakatangaza shindano la mchoro. Michoro zaidi ya 1,400 ilitumwa, ikahukumiwa bila majina ya wachoraji, na iliyoshinda ilikuwa ya mwanafunzi wa chuo kikuu cha Yale mwenye miaka 21, Maya Lin, binti wa wahamiaji waliotoka China. Kukawa na kelele. Wapo waliokasirika kwamba mchoraji ana sura ya Kiasia, na wapo waliosema jiwe jeusi lililozama ardhini ni aibu badala ya heshima, walitaka sanamu nyeupe yenye kusimama. Wakubwa wakapatana: ukuta ujengwe, na sanamu ya askari watatu iongezwe pembeni. Ukuta ulizinduliwa Novemba 1982, sanamu ikafuata 1984.

Jiwe lenyewe lilitoka India. Lilisuguliwa mpaka likawa kama kioo, hivyo ukisoma jina unauona uso wako mwenyewe nyuma ya herufi. Majina hayakupangwa kwa alfabeti wala kwa cheo. Yamepangwa kwa tarehe ya kufa. Waliokufa siku moja wako pamoja, na mkubwa hayuko juu ya mdogo. Tena kando ya kila jina kuna alama ndogo. Alama ya almasi maana yake kifo kimethibitishwa. Alama ya msalaba maana yake mtu huyu hakuonekana. Mifupa yake ikipatikana na kutambuliwa, mchongaji anakuja na kuugeuza ule msalaba kuwa almasi.

Hiyo alama nitairudia baadaye. Mimi binafsi ndiyo iliyonifanya niandike.

Ukuta ulijengwa, lakini maelfu walikuwa hawajulikani walipo. Marekani iliondoka Vietnam ikiwa na watu zaidi ya 2,600 wasiojulikana kama wako hai au wamekufa. Mwaka 1973 wafungwa 591 walirudishwa, familia nyingine zikakaa zinatazama mlango. Ndipo mwaka 1988 waendesha pikipiki walipokusanyika Washington mara ya kwanza kuidai serikali hesabu ya watu wake. Walijiita Rolling Thunder, ngurumo inayobingirika, na jina hilo ni la kampeni ya kulipua Vietnam ya Kaskazini kwa mabomu kuanzia 1965. Mimi jina hilo halinipendezi. Anayekimbia mabomu hawezi kulipenda jina la mabomu, hata likibandikwa kwenye jambo jema. Mwaka uliofuata, 1989, maveterani wawili wa Vietnam, James Gregory na Bill Evans, walisema basi tuvuke nchi nzima, tukifika kila mji tuongee na redio na magazeti ya pale kuhusu waliopotea. Ilikuwa iwe mara moja tu. Walipofika mwisho waliona kwamba wengine njiani walikuwa wanapona kitu fulani, wakakubaliana kurudia mwaka unaofuata. Umeendelea mpaka leo, ingawa ulisimama kwa muda kwa ajili ya korona. Siku hizi una njia tatu zinazokwenda sambamba, ya kati, ya katikati zaidi na ya kusini, maana barabara moja haiwatoshi.

Kwenye njia ya kati kuna sehemu mbili nataka kuzisimulia.

Ya kwanza ni Angel Fire, milimani New Mexico. Kulikuwa na mzee anaitwa Victor Westphall. Mwanawe David, ofisa wa wanamaji wa nchi kavu, aliuawa katika shambulio la kuviziwa karibu na Con Thien tarehe 22 Mei 1968, pamoja na wenzake zaidi ya kumi. Serikali ililipa bima ya kifo cha mtoto. Mzee na mkewe hawakuila ile pesa. Walianza kujenga kanisa dogo jeupe kwenye ardhi yao, limepinda kama tanga la jahazi, likakamilika mwaka 1971, miaka kumi na moja kabla ya ukuta wa Washington na vita vikiwa bado vinaendelea. Inasimuliwa kwamba mwanzoni lilikuwa linafungwa usiku, mpaka asubuhi moja mzee akakuta mtu ameandika kwenye kipande cha ubao, anauliza kwa nini alifungiwa nje wakati alipohitaji kuingia. Tangu siku hiyo mlango haukufungwa tena. Mwaka 1994 mzee, akiwa na miaka zaidi ya 80, alisafiri mpaka Vietnam, akafika pale mwanawe alipofia. Alikuwa amebeba udongo wa Angel Fire, akaumwaga pale, akachukua udongo wa pale akarudi nao nyumbani. Alikufa 2003 na amezikwa palepale karibu na kanisa lake. Sisi tuliomwacha baba au mtoto upande wa pili wa mpaka tunajua bei ya gao moja la udongo.

Ya pili ni Rainelle, mji mdogo wa West Virginia uliokuwa wa kiwanda cha mbao, kiwanda kikafungwa na umaskini ukabaki. Msafara unapita pale kila mwaka, na shule ya msingi ya Rainelle inasimamisha masomo siku hiyo. Mijitu ile yenye ndevu na makoti ya ngozi inakaa chini na watoto, watoto wanaomba sahihi kwenye daftari zao na kwenye fulana, na waendeshaji wanaacha mchango wa pesa kwa shule. Mpwa wangu alinitafutia picha. Nilimwonyesha jirani yangu, akacheka mpaka akashika tumbo: "Kwetu mutoto akiona basoda, anakimbiaka pori. Kule banaomba sinyatiri!"

Nilicheka naye. Halafu sote wawili tukaacha kucheka.

Kuna jambo moja la msafara ule ambalo halionekani vizuri kwenye video. Mbele huachwa nafasi moja tupu. Pikipiki zinakwenda mbili mbili, lakini mahali pamoja kuna mwendeshaji mmoja tu na pembeni yake hakuna mtu. Pale ndipo anapokwenda asiyerudi. Mwendeshaji anayekaa kando ya ile nafasi anakuwa amechagua jina la mtu fulani, na kwa kilomita zile anasafiri naye.

Mwalimu wa historia lazima aseme na upande mwingine. Kwa miaka mingi Wamarekani wengi waliamini kwamba wenzao wako hai bado, wamefichwa kwenye magereza ya msituni. Filamu zilitengenezwa, wajanja walikula pesa za familia. Bunge la Seneti liliunda kamati mwaka 1991, ndani yake wakiwemo John Kerry na John McCain, wote wawili waliopigana kule, na McCain mwenyewe alikuwa amefungwa Hanoi zaidi ya miaka mitano. Mwaka 1993 walisema hawakuona ushahidi wa kushawishi kwamba kuna Mmarekani aliyebaki hai kifungoni. Kuna waliowaita wasaliti kwa kusema hivyo. Nawaelewa wale waliowaita wasaliti, ingawa nadhani kamati ilisema kweli. Matumaini ni kitu kibaya kumnyang'anya mtu. Baadaye Marekani na Vietnam zilirudisha ubalozi, 1995, na wataalamu wa nchi zote mbili wanachimba pamoja mpaka leo. Waliobaki hawajapatikana wamepungua hadi kama 1,600.

Na upande wa Wavietnam? Serikali yao ilitoa hesabu mwaka 1995: wapiganaji kama milioni 1.1 na raia kama milioni mbili. Mifupa ya wapiganaji laki kadhaa haijapatikana au haijatambuliwa. Hakuna hata mmoja wao kwenye ule ukuta, wala wale wa Kusini waliopigana bega kwa bega na Wamarekani. Maya Lin hakuwekewa agizo la kuandika hao. Halafu wakaja watu wa mashua: kati ya 1975 na 1995 karibu laki nane walifika nchi nyingine kwa njia ya bahari, na waliozama hakuna aliyewahesabu mmoja mmoja. Walikaa kwenye makambi Malaysia, Thailand, Hong Kong, wakisubiri mahojiano kama tunavyosubiri sisi. Mpango huu wa kuhamishiwa nchi ya tatu, uliomchukua mpwa wangu, ulipata umbo lake kubwa kwa ajili yao. Sheria ya wakimbizi ya Marekani ni ya 1980. Kwa hiyo kijana wa Uvira amesimama kwenye daraja Missouri anatazama maveterani wa Vietnam, na amefika pale kwa mlango waliofunguliwa wakimbizi wa vita hivyohivyo.

Nilimsomea jirani yangu haya yote, jioni mbili. Alisikiliza. Sasa niseme kuhusu yeye, na amenipa ruhusa mradi nisimtaje jina. Alikuwa kadogo. Mwaka 1996 alikuwa na miaka kumi na miwili, akachukuliwa, akapewa bunduki na buti za mpira, akatembea kwa miguu Kongo nzima. Tarehe 17 Mei 1997 waliingia Kinshasa. Kwa miaka mingi siku hiyo ilikuwa sikukuu nyumbani. Anasema walioanza naye walikuwa wengi, anawakumbuka kwa majina ya utani tu, kwa sababu hawakuambiana ya kweli. "Mi nilikuwaka soda," aliniambia, "lakini nani atanipigia makofi? Na siombi. Naomba tu mutu aandike ile majina."

Na mimi? Mwezi wa kumi 1996 vita vilipopita Uvira, kaka yangu mkubwa alirudi nyumbani kuchukua vyeti vya shule tulivyosahau. Alisema, "Tangulieni, nitawakuta mbele." Hakutukuta. Sijamwuliza jirani yangu kama alipita Uvira mwezi ule. Yeye hajaniambia. Tunakunywa chai pamoja, mtoto wake namfundisha hesabu, na swali hilo liko kati yetu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye mahojiano. Mhojaji alikuwa mpole, sina la kumlaumu. Tulifika kwenye orodha ya ndugu, akauliza kaka yuko hai au amekufa. Nikasema sijui. Akasema kwa upole kwamba lazima achague mojawapo. Nikakaa kimya, watu nje wanasubiri, jua linapanda. Nikasema amekufa. Akaandika. Usiku huo sikulala, nikahisi mimi ndiye niliyemuua, kwa neno moja, ili faili iendelee.

Ndiyo maana niliposoma kuhusu ule msalaba mdogo niliweka simu chini na kutoka nje. Kuna watu waliokaa mezani wakafikiri kwamba mtu anaweza kuandikwa bila kuuawa, na jiwe likaacha nafasi ya kurekebishwa.

Tumeanza daftari, jirani na mimi. Daftari la kawaida la kurasa 96, la dukani. Upande wa kushoto anataja yeye, mimi naandika: majina ya utani ya makadogo, mahali alipowaona mwisho, Kisangani, Kenge, njiani tu. Upande wa kulia ni wa watu wa mtaa wetu. Jina la kwanza ni la kaka yangu, na mbele yake nimechora msalaba kwa penseli.

Mwezi wa tano ukikaribia nitamwandikia mpwa wangu asimame tena kwenye lile daraja. Jirani ameomba kitu kimoja: safari hii asianze kuchukua video katikati. Aanze na pikipiki za mbele kabisa, aone ile nafasi tupu inavyopita.